Kontredansi: Ngoma ya Shamba Iliyopotezewa Jina

Mtu aliyejifunza Kifaransa kidogo akikutana na neno contredanse hatapata taabu kulifasiri. Atasema kwamba contre maana yake ni "kukabili" au "dhidi ya", na danse ni dansi. Kwa hiyo contredanse ni dansi ya kukabiliana. Na kama amepata kuiona ikichezwa hatakuwa na shaka hata chembe, maana wachezaji husimama katika safu mbili, wanaume upande huu na wanawake upande ule, wakitazamana uso kwa uso. Jina na mchezo vinalingana kama kinu na mchi. Ni nani basi wa kubisha?

Hata hivyo, tafsiri hiyo si sahihi. Ngoma hiyo, ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa kontredansi, haikuzaliwa Ufaransa, wala jina lake halikutokana na kukabiliana. Lilitokana na maneno ya Kiingereza "country dance", yaani ngoma ya shamba, ngoma ya watu wa vijijini. Wafaransa waliyasikia maneno hayo kwa masikio yao, wakayatamka kwa ndimi zao, na mwishowe wakayaandika kwa namna iliyowapa wao maana. Shamba likafutika katika jina, na mahali pake pakakaa neno lisilowataja wakulima hata kidogo.

Huenda wako watakaosema kwamba jambo hili ni la wataalamu wa lugha peke yao, na kwamba mtumishi wa ofisini au mwalimu wa shule ya msingi hana haja ya kupoteza saa yake kwa jina la ngoma ya kale ya Ulaya. Hao watakuwa wamekosea. Historia ya jina hili ni historia ya watu wawili: yule aliyekuwa na ngoma na yule aliyekuwa na kalamu. Na kila mara wawili hao wanapokuwa mbalimbali, mwenye kalamu ndiye anayeamua ngoma iitweje.

NGOMA YA WENGI

Nchini Uingereza ngoma za aina hiyo zilikwisha kuitwa ngoma za shamba katika karne ya 16, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mwaka 1651 mchapishaji mmoja wa London, John Playford, alitoa kitabu kiitwacho The English Dancing Master, chenye ngoma zaidi ya 100, kila moja pamoja na sauti ya muziki wake na maelezo mafupi ya hatua zake. Ulikuwa ni wakati wa misukosuko. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Waingereza wamkate kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza. Kitabu hicho kilipendwa sana, kikachapwa tena na tena, toleo baada ya toleo, hata kikaingia karne ya 18.

Si kweli kwamba ngoma zote zilizomo humo zilitoka moja kwa moja mashambani. Nyingine zilitungwa mjini na kuchezwa na watu wenye mali. Lakini umbo lake, na jina lake, vilikiri asili yake. Aina iliyokuja kuzishinda nyingine zote ilikuwa ile ya safu mbili ndefu, ambayo iliruhusu kuingia watu wengi kadiri walivyopenda. Jozi iliyo juu ndiyo huanza. Kila mzunguko ukimalizika, jozi hiyo hushuka nafasi moja, na iliyokuwa chini yake hupanda. Ngoma ikichezwa hadi mwisho, kila jozi itafika juu, na kila jozi itafika chini. Hakuna aliyezaliwa juu akabaki juu.

Msomaji atauona uzito wa jambo hili akilinganisha na yaliyokuwa yakifanyika wakati huohuo katika kasri la mfalme wa Ufaransa, Louis wa Kumi na Nne, huko Versailles. Ngoma iliyotukuzwa huko ilikuwa menuet, ambayo jina lake limetokana na neno lenye maana ya "dogo", kwa sababu ya hatua zake fupi fupi za madaha. Katika dansi rasmi za kasri, menuet ilichezwa na jozi moja tu kwa wakati mmoja, wengine wote wakiwa wamekaa wakitazama. Na jozi hizo zilifuatana kwa daraja: mwenye cheo kikubwa kwanza, wa chini yake baadaye. Dansi hiyo ilikuwa ni gwaride la vyeo lililopigiwa fidla.

Hapo ndipo ngoma ya shamba ilipoingia. Katika miaka ya 1680 mwalimu wa dansi wa Kifaransa, André Lorin, alikwenda Uingereza akajifunza ngoma hizo, akaziandika katika daftari zuri la mkono na kumtunukia mfalme wake. Mwaka 1706 mwalimu mwingine wa Paris, Raoul-Auger Feuillet, alichapisha mkusanyo mzima wa ngoma hizo kwa jumla, ukiwa na alama alizokuwa amezieneza za kuandikia hatua za miguu. Katika kurasa za mabwana hao jina halikuwa tena la Kiingereza. Lilikuwa limekwisha vaa nguo za Kifaransa.

MASIKIO YA MGENI

Yafaa kuwa na haki katika kutoa hukumu. Si lazima kudhani kwamba palikuwa na hila. Kifaransa kilikuwa na maneno yake ya kutosha kwa shamba na kijiji, na kama mtu angetaka kuitafsiri "country dance" kwa maana yake angeweza. Lakini watu hawakutafsiri; walisikia. Na mtu anaposikia neno la kigeni, sikio lake hulitafutia jamaa katika lugha yake mwenyewe. Sauti ya "country" katika sikio la Mfaransa ilikuwa karibu na contre, nao macho yao yaliona safu mbili zikikabiliana. Sikio na jicho vikashuhudiana, na neno jipya likazaliwa.

Walimu wa Kiswahili hawatalishangaa jambo hili. Neno "kitabu" lilitoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu "ki" iliyo mwanzoni si kiambishi cha ngeli yoyote. Ni sehemu ya mzizi wa neno. Lakini sikio la Mswahili liliisikia kama "ki" ya kiti na kisu, na bila ya kuomba ruhusa kwa mtu likaunda wingi wake, "vitabu". Hali kadhalika "kilabu" ikazaa "vilabu". Hivyo ndivyo lugha zilizo hai zinavyokula na kumeng'enya. Kukopa si aibu, na kukosea katika kukopa si dhambi.

Ubaya ulikuja baadaye. Katika karne ya 18 na ya 19, wakati kila kitu kilichotoka Paris kilipohesabiwa kuwa ndicho cha kiungwana, baadhi ya waandishi wa Kiingereza wenyewe walianza kudai kwamba jina la kwao ndilo lililoharibika. Walisema kwamba contredanse ndilo jina la asili, kwamba lina maana nzuri ya kukabiliana, na kwamba "country dance" ni matamshi mabovu ya watu wasiosoma ambao walishindwa kulitaja neno la Kifaransa. Yaani mtoto alisimamishwa mahakamani akaambiwa kwamba yeye ndiye aliyemzaa baba yake.

Madai hayo yalikwenda kinyume cha ushahidi uliokuwa mezani. Jina la Kiingereza lilitangulia kwa miongo mingi. Tena mwaka 1712 mwalimu wa dansi wa Kiingereza, John Weaver, alikwisha kuandika katika kitabu chake juu ya historia ya dansi kwamba ngoma za shamba ni mmea wa Uingereza uliohamishiwa katika makasri ya Ulaya. Lakini kasumba haishindwi na ushahidi kwa urahisi. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba uungwana hutoka ng'ambo hukubali upesi kwamba hata cha kwao kilitoka ng'ambo. Wakulima waliokuwa wamenyimwa sifa katika lugha ya Kifaransa sasa walinyimwa hata katika lugha yao wenyewe.

Kilichokuja kuwafedhehesha wasomi hao ni mzizi wa neno. "Country" ya Kiingereza haikuanzia Kiingereza. Ililetwa na Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, waliosema lugha ya jamii ya Kifaransa, nayo ilitokana na neno la Kilatini cha baadaye, contrata, yaani nchi iliyo mkabala na mtazamaji, nchi inayotandaa mbele ya macho yake. Na contrata imetokana na contra, ambayo ndiyo iliyozaa contre ya Kifaransa. Kwa hiyo Mfaransa aliyekosea aliangukia bila kujua nyumbani kwa babu wa neno lenyewe. Shamba na kukabiliana ni ndugu wa mbali. Lakini udugu huo hauwapi haki waliodai kwamba Kiingereza kimekosea. Unaonyesha tu kwamba hakuna neno, wala ngoma, iliyo na baba mmoja pekee.

BWANA NA BINTI WA SHAMBA

Katika karne ya 18 kontredansi ilienea Ulaya nzima. Wafaransa waliigeuza umbo, wakaifanya ichezwe na jozi nne zilizosimama katika mraba, na hiyo ikazaa cotillon, jina lenye maana ya sketi ya ndani. Mwanzoni mwa karne ya 19 ikafuata quadrille, ambayo iliingia katika kumbi za matajiri wa London mnamo mwaka 1815 kama kitu kipya kutoka Paris. Waingereza wakanunua kwa bei ya ghali nguo iliyoshonwa kwa pamba yao wenyewe. Huko Marekani, katika majimbo ya New England, ngoma ya safu mbili inaitwa hadi leo "contra dance". Jina lililopotoshwa na Mfaransa limetumiwa na wajukuu wa Waingereza.

Je, kuenea huko kuliwainua wakulima? Mtunzi Mozart alijibu swali hilo mwaka 1787 katika mchezo wa kuimba uitwao Don Giovanni, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Prague. Katika mchezo huo bwana mkubwa mmoja, mlaghai wa wanawake, anawaalika wanakijiji nyumbani kwake kwenye karamu. Vikundi vitatu vya wanamuziki vinapiga ngoma tatu kwa wakati mmoja. Waungwana wanacheza menuet. Mtumishi wa bwana anamlazimisha kijana wa shamba kucheza dansi ya Kijerumani ya watu wa kawaida. Na katikati ya hizo mbili, katika mapigo ya kontredansi, bwana mwenyewe anacheza na mchumba wa kijana yule.

Watazamaji wa siku hizo hawakuhitaji maelezo. Kontredansi ndiyo iliyokuwa ngoma ambayo bwana na binti wa shamba wangeweza kukutana ndani yake. Lakini bwana hakuingia humo ili awe sawa na binti; aliingia ili ampate kwa urahisi. Kabla muziki haujaisha, yowe la binti linasikika kutoka chumba cha pembeni. Ndivyo mara nyingi tabaka la juu linavyoingia katika ngoma ya wanyonge: huichukua ngoma, hukichukua walichofuata, na huwaacha wenyewe mlangoni.

KUTOKA KILWA HADI SHELISHELI

Pengine msomaji atajiuliza habari hizi za makasri zinaihusu nini pwani ya Afrika ya Mashariki. Zinaihusu, na kwa njia ya uchungu. Mwaka 1776 nahodha wa Kifaransa, Jean-Vincent Morice, alitia sahihi mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walichukuliwa kwenda kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi: Ile de France, ambayo ndiyo Morisi ya leo, na Bourbon, ambayo ndiyo Reunion. Wafaransa walikuwa pia wamekwisha anza makazi katika visiwa vya Shelisheli, na huko nako mashamba yalilimwa kwa mikono ya watumwa wa Kiafrika.

Mabwana wa mashamba walileta dansi za kwao. Jioni, ndani ya nyumba kubwa, fidla zilipiga kontredansi. Nje, watumwa walikuwa na ngoma zao za kuwambwa, na huko Shelisheli ndiko ilikotoka moutya, ngoma ya usiku kando ya moto, ambayo mwaka 2021 iliandikishwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Lakini watumwa waliopiga fidla nyumbani kwa bwana, na wale waliochungulia dirishani, walijifunza pia kontredansi. Utumwa ulipokwisha waliibakisha. Leo Washelisheli wanaiita kontredans kwa lugha yao ya Kikreoli. Huchezwa kwa fidla, akordioni na ngoma, na yuko msemaji aitwaye komander ambaye huimba amri za hatua moja baada ya nyingine, na wachezaji humtii.

Ngoma iliyoanza katika shamba la mkulima wa Kiingereza, ikapandishwa hadi kasri la mfalme wa Ufaransa, ilishuka tena shambani. Lakini safari hii katika shamba la miwa na pamba, mikononi mwa watu ambao baadhi ya wazee wao walipakiwa merikebuni kwenye bandari ya Kilwa. Hakuna aliyewauliza watu hao wangependa kuiita nini. Lakini wameicheza kwa muda mrefu kiasi kwamba sasa ni yao, na hakuna mwenye haki ya kuwapokonya.

JINA LINAPOKATWA

Njia ya pili ilipita Magharibi. Kontredansi ilivuka Bahari ya Atlantiki ikafika koloni la Wafaransa la Saint-Domingue, nchi inayoitwa leo Haiti. Watumwa wa huko walipoasi mwaka 1791 na kuendelea na vita hadi wakapata uhuru mwaka 1804, wakimbizi wengi, mabwana pamoja na watu weusi waliofuatana nao, walikwenda mashariki ya Kuba. Kontredansi ilikuwa imefika Kuba pia kwa njia ya Hispania. Huko iliitwa contradanza, na mikononi mwa wanamuziki weusi wa kisiwa hicho ilipata mapigo ambayo hayakuwahi kusikika Versailles.

Hapo jina lilianza kukatwa. Contradanza ilifupishwa ikawa danza. Mwaka 1879, katika mji wa Matanzas, Miguel Faílde, mpiga tarumbeta, alipiga mtindo mpya uliotokana na danza, ukaitwa danzón, yaani danza kubwa. Ile sehemu ya contra, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kama kivuli cha shamba la Kiingereza, ikawa imekwisha kabisa. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpiga fidla wa Havana aitwaye Enrique Jorrín alirahisisha mapigo ya danzón ili yafuatwe na watu wasiokuwa mabingwa. Mtindo huo ulipewa jina la mlio wa nyayo za wachezaji zikisugua sakafu: cha cha cha.

Santuri za Kuba zilikuwa zimekwisha anza kuuzwa Afrika tangu miaka ya 1930, na wanamuziki wa Kongo walizisikiliza kwa makini. Mwaka 1960 viongozi wa Kongo walikuwa Brussels wakijadiliana na Wabelgiji juu ya uhuru wa nchi yao, na bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa huko pamoja nao. Wimbo uliotoka hapo ulienea Afrika nzima, na jina lake lilikuwa Indépendance Cha Cha. Uhuru wa Kongo ulipopatikana tarehe 30 Juni mwaka huohuo, ulichezwa kwa mtindo ambao ukoo wake unarudi nyuma hadi danzón, contradanza, kontredansi, na hatimaye ngoma ya shamba.

SWALI LA MWAKA 1962

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, akihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, aliuliza swali ambalo limekumbukwa tangu hapo. Alisema kwamba wengi walikuwa wamejifunza rumba na chachacha, na hata dansi za Kizungu za kumbi, lakini ni wangapi walioweza kucheza, au hata waliopata kusikia habari za gombe sugu, kiduo au lele mama? Katika hotuba hiyohiyo aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa.

Wako waliolielewa swali hilo kuwa ni amri ya kufunga milango. Haikuwa hivyo, maana Mwalimu alieleza hapohapo kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Habari ya kontredansi inamuunga mkono katika mambo yote mawili. Chachacha aliyoitaja haikuwa mali ya Wazungu. Ilikuwa imepita katika mikono ya wakulima, ya watumwa na ya watu weusi wa Kuba kabla ya kufika Dar es Salaam. Hata neno "dansi" ambalo Waswahili walilitumia kutofautisha burudani ya ukumbini na ngoma ya uwanjani, Waingereza walilichukua kwa Wafaransa kabla ya kulileta pwani. Anayeidharau ngoma kwa kuwa ni ya shamba, akaitukuza dansi kwa kuwa ni ya mjini, hajui kwamba anachokitukuza mjini kilitoka shamba la mtu mwingine.

Lakini kosa si kuazima. Waswahili wa pwani walikwisha thibitisha hivyo walipounda ngoma ya beni. Jina lake lilitokana na bendi za Wazungu. Vyama vyake huko Mombasa viliitwa Kingi na Skochi, na huko Tanga na Dar es Salaam Marini na Arinoti. Majina ni ya kuazima, lakini mashindano, mashairi, vyeo na kejeli zilikuwa za wenyewe. Waliazima chungu wakapika chakula chao.

Kosa ni kunyamaza. Wakulima wa Uingereza hawakuandika ngoma zao. Playford aliziandika, na kwa bahati njema alihifadhi jina. Lorin na Feuillet waliziandika kwa Kifaransa, na jina likapotea. Kwa miaka mingi baadaye, wajukuu wa wakulima haohao walisoma katika vitabu kwamba babu zao hawakujua kutamka. Na hata historia ya beni, iliyochezwa na maelfu ya watu wenye kujua kusoma na kuandika, inajulikana zaidi kwa kitabu cha mwanahistoria Mwingereza, Terence Ranger, kilichotoka mwaka 1975. Anastahili shukrani. Lakini inafaa kujiuliza kwa nini kazi hiyo ilimngoja yeye.

Ziko ngoma nyingi vijijini ambazo majina yake bado yana maana kwa wazee wanaozicheza. Jina moja lina siri ya mavuno, jingine la vita, jingine la jando, jingine la mwanamke fulani aliyekuwa hodari wa kucheza. Maana hizo hazimo katika jalada lolote. Mzee akifariki, jina hubaki kama ganda, na kizazi kijacho kitalifasiri kwa kusikia tu, kama Mfaransa alivyofasiri "country". Tena kitafasiri kwa kujiamini, kwa kuwa kosa lililoandikwa vizuri hufanana sana na ukweli.

Mwalimu aliyepangiwa kazi kijijini, bwana shamba, karani wa kata na ofisa utamaduni wa wilaya, wote wanayo kalamu. Hawahitaji bajeti wala semina ili kumwuliza mzee mmoja swali moja: ngoma hii inaitwaje, na kwa nini inaitwa hivyo? Jibu liandikwe kwa maneno ya mzee mwenyewe, pamoja na jina la mahali na tarehe, na nakala ibaki katika kabati la shule. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo, na wataijua nchi yao vizuri zaidi kuliko kwa kukariri.

Kontredansi ilifika katika makasri ya wafalme, ikazunguka dunia, ikazaa wajukuu wanaochezwa hadi leo. Walioianzisha hawakupata hata kutajwa katika jina lake. Mali iliyoibwa yaweza kudaiwa mahakamani, lakini jina lililopotea kwa sababu mwenyewe hakuliandika halina hakimu wa kulirudisha.